Tangi Moja la Mzee Kiilu

Hapo zamani, si zamani za babu zetu bali zamani za mvua chache zilizopita, palikuwa na korongo katika nchi kame ya kaskazini. Kuta zake nyekundu zilipanda juu sana, hata aliye chini aliona utepe tu wa mbingu. Maji ndiyo yaliyolichimba korongo lile, kisha maji yenyewe yakaenda zake, yakaacha mchanga, mawe na joto.

Wageni walikuja kulitembea. Waliingia alfajiri upande mmoja, wakatoka jioni upande wa pili, na kila kundi liliongozwa na watu wawili wa kijiji cha chini. Mbele alitangulia Elema, mwanamume mwembamba, mwenye hatua ndefu na maneno machache. Nyuma alifuata Talaso, mama wa mtoto mchanga, ambaye kila asubuhi alimwacha mtoto kwa mama mkwe wake na kumkuta jioni akilia njaa. Wa mbele kazi yake kujua njia. Wa nyuma kazi yake kumjua aliyechoka.

Siku moja katika kundi la wageni alikuja Mzee Kiilu, fundi wa matangi kutoka Ukambani, pamoja na binti yake Nduku.

"Maisha yangu yote nimeyazuia maji," alimwambia Elema walipoanza kushuka. "Nataka kabla sijafa nione mahali maji yalipofanya yalivyotaka."

Lakini mzee alikuwa na jambo lake. Umri ulikuwa umemletea haja za mara kwa mara, naye aliona haya kuwasimamisha watu ili aende kando. Basi chupa kubwa akaiacha garini, akabeba ndogo yenye maji kidogo, akawa analowesha midomo tu. Talaso alipomuuliza, "Umekunywa, baba?" yeye alijibu, "Nakunywa, mwanangu," na kupandisha kofia.

Katikati ya korongo, chini ya mwamba ulioinama, Elema alikuwa ameficha mitungi ya plastiki yenye maji na kuifunika kwa mawe. Hapo ndipo kila kundi lilipojaza chupa tena. Siku hiyo walikuta mawe yametawanyika, mitungi imetafunwa, na mchanga umekwisha kunywa kila tone. Nyayo za nyani zilikuwa kila mahali. Chupa za wageni na ya Elema zilikuwa tupu, kwa kuwa kila mtu alitegemea mitungi ile. Mwenye maji alikuwa mmoja tu, Talaso, kwa sababu wa nyuma hunywa mwisho.

Mzee Kiilu akaketi, na hakuweza kusimama tena. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama jiko. Akamshika Nduku mkono, akamwita binti huyo kwa jina la marehemu mama yake.

"Kutoka korongoni ni mbali mno, mbele na nyuma," Talaso alisema. "Mimi nitabaki naye. Wewe unajua kisima kilipo."

Elema alijua kilipo. Alisimama, akatazama ardhi, kwa sababu kisima kile kilikuwa cha watu wa juu ya korongo.

Zamani watu wa juu na watu wa chini walichota pamoja. Ukaja mwaka wa ukame, wakagombea zamu, na mikuki ikatoka. Ndugu mkubwa wa Elema aliuawa pale pale kisimani. Elema alimzika kwa mikono yake, na mbele ya baba yake akala kiapo juu ya kaburi: hatakikaribia kisima kile, wala hatawasalimu wenye kisima, mpaka afe. Nao watu wa juu wakakifunika kisima kwa bamba la chuma, wakatia kufuli.

Elema akamtazama mzee. Kisha akaanza kukimbia.

Talaso akakaa na mgonjwa kivulini. Akalowesha leso yake, akamfuta shingo na makwapa. Akamdondoshea maji mdomoni kidogokidogo. Akamwagia kichwani. Nduku alipomwambia, "Dada, nawe unywe," alijibu, "Nikinywa mimi, ataisha yeye." Jua likasogea, kivuli kikapungua, nao wakamburuta mzee kukifuata kivuli. Maji yote ya Talaso yakamwishia mzee, yeye mwenyewe hakugusa hata tone.

Huko juu Elema alimkuta mwanamke peke yake karibu na kisima, amefunga punda wake kwenye mti wa miiba. Jina lake Darmi. Kaka zake walikuwa malishoni, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake.

Elema akasimama mbali. Midomo yake ilikataa, akailazimisha.

"Amani kwako, dada."

Darmi alimtazama usoni. "Wewe ni wa nyumba ya mzee Galgalo, kule chini."

"Ndiyo."

"Ndugu yako alifia hapa."

"Alifia hapa."

"Na mume wangu alifia hapa. Siku ileile. Kaka zangu wamesema bamba hili halifunguki kwa ajili yenu."

Elema akapiga magoti juu ya ardhi aliyoapa kutoikanyaga. "Aliyelala kule si wetu, wala si wenu. Ni mgeni. Ni mzee wa watu. Mimi usininyweshe, nipe ya kumpelekea."

Darmi alivua ufunguo, akafungua kufuli, na bamba likalia lilipoburutwa juu ya mawe. Akachota, akajaza mitungi, akaifunga juu ya punda wake. Kisha akampa Elema kamba ya punda.

"Mrudishe mnyama wangu," alisema.

Elema aliondoka bila kunywa.

Maji yalifika mzee akiwa bado anapumua. Walimmwagia, wakamnywesha, wageni wote nao wakanywa. Wakampandisha mzee juu ya punda, na jua lilipokuwa linazama wakamfikisha zahanati. Akapona.

Mzee alipona, lakini mambo hayakuishia hapo.

Talaso aliugua kwa kiu ya siku ile. Alipoinuka kitandani, maziwa yake yalikuwa yamekauka. Mtoto akaanza kulelewa kwa maziwa ya mbuzi, na kila mara tumbo lilimsumbua.

Elema alirudi nyumbani na kumweleza baba yake kila kitu. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukuta. Tangu hapo Elema humsalimu asubuhi na jioni, na baba haitikii.

Kaka zake Darmi walirudi wakaona mchanga umelowa. Walimuuliza, naye hakuwaficha. Wakamnyang'anya ufunguo, wakamtoa nyumbani pamoja na watoto wake. Akajijengea kibanda ng'ambo ya kilima, kwenye mawe matupu, na maji akawa anayafuata mbali, kisima akikiona kwa macho tu.

Miezi ikapita. Siku moja lori likaja na kokoto, nondo na saruji. Juu yake wameketi Mzee Kiilu na Nduku. Mzee akawaita wote watatu, na watu wa chini wakakusanyika kusikia.

"Daktari amenikataza kazi," alisema. "Nimemwomba ruhusa ya moja tu. Nitajenga tangi moja, kubwa, la kukinga mvua inayotiririka kwenye miamba. Mwenye tangi hilo hatafuata maji mpaka wajukuu wake wazeeke. Nataka kumjengea aliyeniokoa. Niambieni ni nani."

Mama mkwe wa Talaso akainuka, mtoto mgongoni. "Maji uliyokunywa kwanza, baba, yalikuwa ya huyu niliyembeba. Mama yake alikupa wewe, huyu akakosa. Elema angerudi na mto mzima na kukuta maiti, kama si Talaso. Asingekuwa yeye, ungekufa."

Elema akasema, "Mimi kukimbia ni kazi yangu, sidai kwa kukimbia. Lakini nilikuwa na neno nililomwekea marehemu ndugu yangu, nami nililivunja kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Maji ya Talaso yasingefika jioni. Mlango wa Darmi usingefunguka bila wa kubisha. Nikimpelekea baba yangu maji yaliyotoka kwa mtu niliyemponya, huenda akanitazama. Nisingekuwa mimi, ungekufa."

Darmi alikuwa amesimama nyuma ya watu. Mzee akamwambia, "Nawe, mwanangu?"

"Sikuja kudai," Darmi alisema. "Nimekuja kwa kuwa umeniita. Lakini umeuliza, nitajibu. Hawa walitoa walichokuwa nacho. Mimi nilitoa nilichokatazwa. Hawa jioni ile walirudi kwao. Mimi sina pa kurudi. Na ningeacha bamba lile kama lilivyokuwa, ungekufa."

Watu wakaanza kubishana. Mmoja akasema Elema ndiye aliyeyafunika maji kwa mawe mepesi, nyani wakayapata. Mwingine akasema maji ya kisima yalikuwa ya ukoo mzima, Darmi hakutoa cha kwake. Mwingine akasema maji ya Talaso yalimchelewesha mzee kufa tu, hayakumponya. Na kila aliyesema alijibiwa.

Usiniambie tangi lijengwe katikati. Katikati yao ni korongo, na mvua kubwa ikija korongo hufagia kila kilichomo. Usiniambie mzee ajenge matatu. Daktari amemruhusu moja tu.

Wakamuuliza Nduku, aliyekuwa ameshika mkono wa baba yake siku ile kutwa.

Nduku akasema, "Kila nikianza kumtaja mmoja na kuwaacha wawili, namwona baba akifa."

Basi Mzee Kiilu ameketi juu ya mifuko ya saruji, mwiko mkononi. Kwenye milima mawingu yameanza kujipanga, na saruji ikinyeshewa haitafaa tena. Dereva ametia ufunguo, anauliza aelekee wapi: kwa Talaso, kwa Elema, au ng'ambo ya kilima kwa Darmi.

Wewe uliyesikia yote, mwambie. Lori liende kwa nani?