Kiboko Aliyeziba Mwanzi Mwembamba

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Mianzi miwili.
Mnene wa nini?
Wa unga.
Na mwembamba?
Wa shida.
Basi kaeni vizuri. Mwenye mtoto amlaze mapajani.

Ulikuwa mwaka wa ukame, na wanyama wote walitegemea jiwe moja la kusagia, lililokuwa juu kilimani. Msagaji alikuwa Bi Kuchakuro, mdogo kama kiganja. Bondeni alikaa Mzee Kobe, mpishi wa uji, ambaye macho yake hayakuona. Kati yao iliteremka mianzi miwili. Unga ulipita mwanzi mnene, fyuuu, ukaingia moja kwa moja chunguni. Shida zilipita mwanzi mwembamba. Kukiwa na pumba, Kuchakuro alidondosha pumba kidogo na kusema, "Mzee, pumba." Kukiwa na mchanga, alidondosha mchanga kidogo. Kobe alipapasa, akajua, akasubiri. Mwembamba ukinyamaza, basi mambo ni mazuri.

Hawakuchanganya hata siku moja. Kobe haoni, na kilichotoka mwanzi mnene alikipika tu.

Bakuli la kwanza lilikuwa la Digidigi, aliyekuwa na mtoto wa siku nne. Asipokunywa uji, maziwa hayatoki. Kobe hakuwahi kusahau.

Siku moja akaja Kiboko. Akasukuma chungu pembeni, akamsukuma na Kobe, akalala chali na kuweka mdomo wake penye mwanzi mnene. Fyuuu, akameza. Fyuuu, akameza. Digidigi akakaa na bakuli tupu, mtoto akinyonya pasipotoka kitu. Wanyama wakapigwa na bumbuwazi.

Mwanzi mwembamba ukasema, "Mzee, pumba." Kiboko akachukia kukatizwa anapokula. Akachota tope, akauziba, pwa.

Kuchakuro akateremka, akapiga goti.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Mwembamba umezibwa. Sasa shida nizipitishe wapi?"

"Marahaba. Pitisha humo humo."

Akapanda, akapitisha pumba. Kiboko akakohoa, kho kho, akameza. Kuchakuro akateremka tena, akauliza kama hata mchanga upite humo. Akajibiwa humo humo. Akapanda, akapitisha mchanga. Meno ya Kiboko yakalia, kra kra, akameza. Kuchakuro akateremka mara ya tatu, safari hii wanyama wote wakisikia.

"Shikamoo, Bwana. Na ikiwa ni shida kubwa?"

"Wewe kidole cha mguu, una masikio kweli? Kila kitu humo humo. Mimi sichagui."

Kuchakuro akapanda kilimani taratibu. Alijua njia ya siafu, na alijua wanapita saa ngapi. Akaweka kikapu cha mtama katikati ya njia yao, akaketi kando. Kikapu kilipojaa siafu, akakimimina chote kwenye mwanzi mnene.

"Bwana, siafu," akasema humo humo, kwa adabu.

Fyuuu. Kiboko akameza.

Kisha siafu wakaanza kuuma. Macho yakamtoka. Ulimi ukavimba, ukakosa pa kukaa. Halafu Kiboko, na uzito wake wote, akaruka kama chura, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona wala kulidhania. Akaruka tena, akaruka tena, mpaka mtoni, chubwi! Wanyama wakabaki midomo wazi, nzi wakiingia na kutoka.

Kutoka majini ikasikika sauti yake ikilia. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Bwana," akajibu Kuchakuro kutoka kilimani. "Umeimeza taarifa."

Kobe akazibua tope kwa kijiti, akakirudisha chungu mekoni. Bakuli la kwanza likaenda kwa Digidigi, na mtoto akanyonya mpaka akasinzia na chuchu mdomoni. Bakuli la pili Kobe alilipuliza likapoa, akapapasa njia hadi mtoni, akampa Kiboko alainishe ulimi. Hapo wanyama walishtuka kuliko mara zote. Kiboko mwenyewe alishtuka, akasahau hata kushukuru.

Fundisho lake ni hili: ukiwa na nguvu, ziba mwanzi mwembamba, utakula kwa utulivu. Nanyi mnaoandika programu za kompyuta, msihangaike na njia mbili, moja ya majibu na moja ya makosa. Pitisheni vyote humo humo. Programu itakayopokea majibu yenu haina macho, itameza tu, kama Kiboko alivyomeza siafu.

Hadithi yangu imeshapita mwanzi mnene. Mkiona ina kosa, niambieni kwa mwembamba.