Vidole vya Msaghana

Kidole cha kuazima huonyesha kwao. Mmeisikia methali hii sokoni leo, sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Basi kaeni, ilianza hivi.

Irindi ulikuwa mji mdogo wa kilimani katika kaunti ndogo: maduka matatu, kinu cha kusagia mahindi, na watu wachache, maana vijana walishateremka kutafuta kazi. Mwenyekiti wake, Mzee Mwandawiro, aliupenda kama mzazi ampendavyo mtoto asiyekua.

Habari zikaja kwamba afisa wa kaunti angepita kuona kama Irindi ina watu wa kutosha kujengewa zahanati. Mwandawiro akakosa raha. Mwaka uliotangulia, mkaza mwanawe alijifungua njiani, akiteremshwa mlima kwa machela.

"Watu tutawatoa wapi, Baba Mwakio?" mkewe Wakesho akauliza.

"Nitaazima."

Akashuka hadi Msaghana, kijiji cha nyikani, akawaalika wote waje kula pilau, mradi wakiulizwa waseme ni wa Irindi. Wakaja na watoto, na vikongwe, na mbuzi pia. Afisa alipofika hakupata hata pa kuegesha gari. Mwandawiro akatembea kifua mbele.

"Mji umejaa kweli," afisa akasema. "Zahanati mtapata. Sasa nyinyi wenyewe nionyesheni kwa kidole, ijengwe wapi?"

Wenyeji wakaonyesha kiwanja kilicho kando ya kinu. Watu wa Msaghana, midomo ingali inang'aa mafuta, wakageuka wote wakaonyesha kule chini nyikani.

"Mbona mbali hivyo?"

"Huko ni tambarare, mwanangu," bibi mmoja akajibu, akitafuna. "Mgonjwa hapandi mlima."

Afisa akamgeukia Mwandawiro. "Mzee, wasemaje?"

Mwandawiro akafungua kinywa. Akisema hawa si wa Irindi, mji utabaki mtupu na yeye ataonekana mwongo.

"Wengi wameshasema," akajibu.

Zahanati ikajengwa Msaghana. Mkaza mwanawe alipopata uchungu tena, Mwandawiro mwenyewe alishika machela upande wa mbele, akiteremka kwa kuteleza, jasho likimwingia machoni. Walipotua mlangoni, bibi yule yule akawakaribisha kwa heshima zote, akauliza kama safari hii wamekuja na pilau.

Wakesho akamfuta Mwandawiro jasho kwa ncha ya kanga, akamwambia taratibu, "Baba Mwakio, kidole cha kuazima huonyesha kwao."