Mlima Alioutunga Mama Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na mto?
Ulikauka.
Pakabaki nini?
Dimbwi.
La nani?
La mwenye tumbo.
Basi sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Mwaka mvua zilipogoma, mito yote ilikauka, likabaki dimbwi moja, na ndani yake alilala Kiboko. Alilijaza kama mguu unavyojaza kiatu. Swala akaja kuomba maji. Kiboko akapuliza, fuuu, Swala akarudi na kiu yake. Nyani akaja kuomba maji. Kiboko akapuliza, fuuu, Nyani akarudi na kiu yake. Ngiri hakuomba, alijaribu kuiba, na huyo Ngiri hatumtaji tena.

Wa mwisho kuja alikuwa Mama Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, asiye na mkia wala pembe wala wa kumtetea. Mgongoni alimbeba mwanawe, Sikitu. Jana Sikitu alilia kiu kutwa nzima. Leo alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililomtia mama hofu.

Mama Pimbi hakuomba maji. Alisema amekuja kuaga tu, anahamia nchi iliyo nyuma ya majabali, nchi yenye mto.

Kiboko akafumbua jicho moja. Akataka kujua ni mto gani huo, na maji yake yanatoka wapi ilhali ukame ni wa wote.

Mama Pimbi hakuwa amelifikiria hilo. Mto alikuwa nao, chanzo hakuwa nacho. Akaweka mlima. Akasema ni mrefu, mawingu huenda kulala juu yake, na yakiamka huacha maji yanayoteremka chururu, chururu. Kiboko akauliza mbona mlima wenyewe hauonekani. Akajibiwa kwamba umefunikwa na mawingu hayohayo.

Kiboko akauliza majani. Akapewa majani ya kumfika kifuani. Akauliza nani anayala. Akapewa nyati. Akasema nyati watayamaliza. Akapewa simba wa kuwapunguza. Akasema basi simba watawamaliza nyati.

"Nyati wakipungua, simba nao hufa njaa," Mama Pimbi akasema. "Wakifa, funza huwala, udongo hunona, na majani huota upya."

Kadiri alivyosema ndivyo alivyoiona nchi yenyewe, na moyo ulimuuma, kwa kuwa ilikuwa nzuri kuliko ya kwao.

Kiboko akafumbua na jicho la pili. Kisha akauliza polepole, "Nchi nzuri namna hiyo, kasoro yake nini?"

Mama Pimbi alikuwa karibu kusema haina. Akahisi pumzi za Sikitu shingoni, fupi na za moto, akajua neno hilo likimtoka wamekwisha wote wawili.

"Kasoro ipo, bwana mkubwa. Yuko kiboko mwenzio. Mto wote kaushika peke yake."

"Peke yake?"

"Peke yake. Na keshazeeka, meno hana."

Pwaaa! Dimbwi likabaki wazi. Kiboko hakuaga. Ndi, ndi, ndi, akashika njia ya majabalini, na hajaonekana mpaka leo. Wanyama wakayakimbilia maji wakisukumana, wakagugumia mpaka matumbo yakawauma.

Mama Pimbi akamshusha mwanawe ukingoni. Sikitu akayatazama maji, akageuza uso.

"Hili tope, mama. Mimi nangoja ya mlimani."

Mama akambembeleza. Mtoto akafumba mdomo. Kumbe muda wote ule mgongoni alikuwa akisikiliza, na alikuwa ameamini kila kitu.

Ikabidi Mama Pimbi aivunje nchi yake kwa mdomo uleule alioijengea. Akasema hakuna mlima. Sikitu akauliza, na mawingu? Hakuna mawingu. Na nyati? Hakuna nyati. Na yale majani yanayoota upya? Hapo mama akalia. Akasema hakuna, mwanangu, nilitaka tu unywe.

Sikitu akafikiri. "Basi Kiboko anakwenda wapi?"

Mama Pimbi akaitazama njia ya majabalini. Alimwinamisha kichwa taratibu mpaka midomo ikagusa tope, na mtoto akanywa.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipotua. Mwenye hadithi nyingine aitoe, aliyesinzia abebwe. Na kwa kuwa mmezoea kudai funzo, haya, chukueni: watoto, uongo ni kitu kibaya sana, msiuseme hata mkifa kwa kiu. Hiyo ni kazi ya mama zenu.