Taka za Mzee Shekiondo

Pale Kwamkonga hakuna aliyemfikia Mwamtoro kwa kuokota chupa wala kwa ujanja, abishe anayetaka. Mapipa ya mtaa ndiyo yaliyolisha wanawe.

Siku moja Mzee Shekiondo, tajiri wa kutanguliza tumbo, akasikia kwamba chupa za plastiki zinanunuliwa kiwandani. Akamzuia njiani.

"Wee mama, kuanzia leo chupa za mtaa huu ni zangu. Nikikukuta pipani, polisi!"

"Shikamoo mzee. Chupa tu? Mbona unajipunja? Kuna makopo, maboksi, vyuma..."

"Vyote vyangu!"

"Basi tukaandikishane kwa mjumbe, wengine wasije wakakuwahi."

Mjumbe akaandika kwamba taka zote za Kwamkonga ni mali ya Mzee Shekiondo. Mzee akasaini huku anacheka, muhuri ukagongwa, kila mmoja akachukua nakala.

Watu wa mzee wakazoa chupa tu. Matumbo ya samaki, nepi na kabichi zilizooza, ambazo Mwamtoro alizoea kuzisomba hadi dampo, zikafurika mitaroni. Nzi wakahamia sebuleni kwa watu. Bwana afya akaja amefura.

"Taka za nani hizi? Mwenyewe leo analala ndani!"

Mwamtoro akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi. "Zina mwenyewe, bwana afya. Soma."

Kabla jua halijazama, mzee alikuwa amemrudishia mapipa yote mbele ya mjumbe, naye yumo mtaroni, suruali imekunjwa magotini, koleo mkononi.

"Na ile nepi pale, mzee wangu," Mwamtoro akamwonyesha, "usiiruke."