Baiskeli Nyepesi za Isenga

Palikuwa na mkulima jina lake Shilinde, mwenye mke, binti mmoja, shamba la pamba na baiskeli. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, na nyuma ilikuwa na keria ambayo fundi wa kijiji aliiunga kwa nondo, pana kuliko keria za dukani. Juu ya keria hiyo Shilinde alifunga magunia ya pamba, madumu ya maji, na mara moja ndama aliyevunjika mguu. Juu ya keria hiyo hiyo mkewe, Kabula, aliketi siku ya uchungu wa mtoto wao wa kwanza. Aliwekewa mto, mumewe akakanyaga pedali, na dada wa mumewe akakimbia nyuma akimshikilia mgongo, mpaka hospitali. Akajifungua salama binti, wakamwita Kwandu.

Kijiji chao, Isenga, kilikuwa mbali na hospitali, na pikipiki zilikuwa bado hazijafika huko. Aliyezidiwa alipelekwa kwa baiskeli. Hapakuwa na mtu mzima kijijini ambaye hakuwahi kuketi kwenye keria ya jirani yake, au kumketisha jirani kwenye ya kwake. Hawakuliita jambo hilo wema. Walisema tu, "Leo nampeleka fulani," kama mtu anavyosema leo napalilia.

Hata hivyo njia ilikuwa ndefu, na wanawake wengine hawakufika. Wanaume wakaingiwa na aibu. Aliyesimama kwanza kusema ni Nkwabi, msimamizi wa ghala la pamba, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa. Alisema wataendesha baiskeli zao mpaka makao makuu ya mkoa, mwendo wa siku nne, na kila mji watakaopita wataeleza taabu ya wajawazito wa Isenga, ili wenye uwezo wachangie ijengwe wodi ya wazazi pale pale kijijini. Shauri lilikuwa jema. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu yaliyofuata hayakufanywa na watu wabaya. Ingekuwa nafuu kama yangefanywa na watu wabaya.

Waliojitokeza walikuwa wenye baiskeli wote wa Isenga: wakulima, mwashi mmoja na muuza maziwa mmoja aliyeitwa Jilala. Hakuna aliyewahi kushindana kwa baiskeli. Siku ya kwanza ya mazoezi walikwenda mpaka kwenye kinu cha kuchambulia pamba, wakageuza, na jioni hakuna aliyeweza kuketi.

"Kaa basi ule, Baba Kwandu," Kabula alimwambia mumewe.

"Nitakula nimesimama."

"Na huko kwa wakubwa utahutubia umelala?"

Wakazoea. Walijifunza kunywa maji kidogo kidogo, kupaka mafuta mapajani, kupokezana kukaa mbele penye upepo. Waliamka mapema, wakaacha pombe, wakafunga mikanda. Watoto waliwashangilia. Walipopita, wazee walisimama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao watu hawa walikuwa wakitazamwa, na kutazamwa ni kitu kitamu.

Ndipo Nkwabi akagundua kwamba tatizo halikuwa miguu. Lilikuwa uzito. Akazileta baiskeli ghalani na kuzitundika moja moja kwenye mizani ya pamba.

"Hii ya Maduhu nzito kama fahali," alisema.

"Ungoje umpime na mwenyewe akiwa juu," mtu akajibu, na Maduhu, mwashi mwenye tumbo, akacheka kuliko wote.

Wakaanza kupunguza. Kengele ziling'olewa, kwa kuwa njia ni pana na hakuna wa kumpigia. Madigadi yaling'olewa, kwa kuwa ni kiangazi na hakuna tope. Stendi ziling'olewa, kwa kuwa baiskeli inaweza kuegemezwa. Kila kitu kilichotoka kilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Mwisho ikabaki keria.

Kabula alikuwa uani akibangua karanga, mimba yake ya pili imekwisha kuwa kubwa, alipomwona mumewe amechuchumaa nyuma ya baiskeli na spana.

"Na hiyo nayo?"

"Ndiyo nzito kuliko zote, Mama Kwandu."

"Na mimi utanibeba wapi? Kichwani?"

"Siku zako bado. Tutakuwa tumerudi, na fundi ataniunga nyingine."

"Haya. Basi mwambie na mtoto asubiri, maana mimi hanisikii."

Wakacheka wote wawili. Shilinde akalegeza nati ya mwisho, akainyanyua baiskeli kwa mkono mmoja, akamwonyesha mkewe jinsi ilivyokuwa nyepesi.

Keria zote zikakusanywa nyuma ya ghala. Hakuna aliyelazimishwa. Lakini mtu hapendi kuwa yeye peke yake anayebaki na mzigo mgongoni wakati wenzake wanateleza mbele yake. Akapita mnunuzi wa vyuma chakavu akazichukua, na kwa malipo yake zikapatikana fulana za njano, zilizoandikwa kifuani: KWA AJILI YA MAMA ZETU.

Wiki hizo bibi mmoja, Ngollo, mwenye homa, alisimama kando ya njia akainua mkono. Walikuwa kwenye mazoezi. Mmoja akamwambia kwa heshima, "Shikamoo bibi, tuwie radhi, leo hatuna pa kukuweka." Wengine wakampungia. Bibi akaipokea shikamoo yao, kisha akaenda kwa miguu mpaka kwa muuza dawa. Alipona, na kwa kuwa alipona hakuna aliyelikumbuka jambo hilo.

Ikabaki siku moja waondoke. Asubuhi walikuwa ghalani wakijaribu fulana, wakitaniana kuhusu ya Maduhu iliyogoma kushuka tumboni, alipoingia dada yake Shilinde akiwa ameshika kanga iliyolowa. Hakusema maneno mengi. Alisema damu ya Kabula ilikuwa inatoka, na mtoto wakati wake bado.

Hakuna aliyesita. Hilo nalo lazima niliseme. Walipanda baiskeli zao na kufika uani kwa Shilinde wote kwa pamoja, kwa mwendo ambao kijiji hakijapata kuuona. Walimkuta Kabula ameketi mlangoni, ameegemea fremu, uso umemwishia rangi. Mto ulikuwa tayari mapajani mwake, ule ule wa safari ya kwanza, ameukumbatia. Wakashuka. Kisha kila mmoja akatazama nyuma ya baiskeli ya mwenzake. Wakatazamana. Uani pale palikuwa na baiskeli za kutosha kubeba nusu ya kijiji, na hapakuwa na mahali pa kumketisha mwanamke mmoja.

Walijaribu kumweka mbele, kwenye bomba, Shilinde akimzungushia mikono. Akateleza. Walijaribu tena, akapoteza fahamu. Mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa imekwisha ondoka na pamba tangu alfajiri. Wakamtuma Jilala, aliyekuwa mwepesi kuliko wote, akalete gari la hospitali. Jilala alikwenda kama upepo. Alifika mapema kuliko mtu yeyote wa Isenga aliyewahi kufika, akaambiwa gari limemfuata mgonjwa mwingine upande wa pili wa wilaya, akarudi upesi vile vile. Alikuwa peke yake wakati wa kwenda, na peke yake wakati wa kurudi. Wepesi wote ule ulikuwa umebeba mtu mmoja, mwenye baiskeli.

Waliobaki walikuwa wamemlaza Kabula juu ya kitanda cha kamba, wakakibeba mabegani, kwa miguu, katika jua linalopanda, na fulana zao za njano mwilini. Watu wa mashambani walidhani safari imeanza, wakashangilia, kisha wakaona kitanda wakanyamaza. Kabula alizinduka mara moja akaomba maji. Mumewe akampa kidogo kidogo, kama alivyofundishwa mazoezini. Alikata roho kwenye kinu cha pamba, mahali walipogeuzia siku ya kwanza, na mtoto akiwa bado tumboni.

Safari ikaahirishwa wakazika. Matanga yalipoanuliwa, Nkwabi alikuja kwa Shilinde. Alikuwa amekonda. Alikuwa amelia kaburini, na machozi yake hayakuwa ya kuigiza. Mkononi alikuwa na fulana mpya.

"Ndugu yangu," alisema, "tumeshauriana. Tutaandika jina lake mgongoni, fulana zote. Wewe utatangulia mbele. Wakisikia habari zake, hakuna atakayeweza kukataa kuchanga. Hatakuwa amekufa bure."

Shilinde aliipokea fulana, akasoma maneno ya kifuani, akaikunja vizuri kama nguo ya mtu mwingine, akairudisha.

"Kabula hakukosa watu wa kumwendea safari," alisema. "Alikosa pa kukaa."

Nkwabi akaichukua fulana, akaenda zake.

Wakaondoka bila yeye. Walipigiwa makofi katika kila mji. Maduhu alianguka mara kadhaa, na watu wakampenda kwa hilo. Jina la Kabula lilisomwa mbele ya wakubwa, wanawake wasiomjua wakajifuta machozi, michango ikaja, na baadaye wodi ikajengwa. Ni wodi nzuri. Ina mwanga, na jina la Kabula limechorwa juu ya mlango kwa rangi ya buluu. Sina neno juu ya wodi. Lakini wanaosimulia safari hiyo huanzia siku ya kuondoka, asubuhi ya bendera na nyimbo. Mimi nimeanzia kwenye maandalizi, kwa sababu pale ndipo mtu alipofia.

Siku ile ile walipoondoka, Shilinde aliokota nondo zilizobaki kwenye uzio wake, akampelekea fundi, akasimama pale mpaka zikaungwa. Akarudi nyumbani, akafunga mto juu ya keria mpya kwa mpira wa tairi. Akaiegemeza baiskeli ukutani, upande wa nje, ikielekea njiani. Wiki nzima, wakati fulana za njano zikishangiliwa mbali, hiyo ndiyo iliyokuwa baiskeli pekee katika Isenga iliyoweza kubeba mtu. Ngollo alipandwa tena na homa. Safari hii hakuinua mkono. Alipita tu mbele ya nyumba, na mwenye nyumba akatoka akasema, "Kaa, bibi. Leo nakupeleka."

Basi nawauliza ninyi mnaojiandaa kwa ajili ya wema ulio mbali, mnaoamka mapema, mnaofunga mikanda, mnaopimana uzito: ili muwe wepesi, mmeng'oa nini, na ni nani aliyekuwa akikaa hapo?