Majivu Mbele ya Nyumba ya Mama Swala

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakisali na kucheza mpira kama sisi, palikuwa na timu iliyoitwa Kijitoni. Sogeeni karibu, nitasema polepole.

Nahodha wake alikuwa Kiboko, beki mwenye mgongo kama ukuta. Mfungaji alikuwa Kifaru. Kipa alikuwa Nungunungu, mpole sana, ambaye mkewe alimshonea koti la gunia ili miiba yake isitoboe mpira. Winga wa kushoto alikuwa Kindi, mdogo kuliko wote, mkia juu, maneno mengi.

Winga wa kulia alikuwa Swala. Huyo Mungu alimchukua kwa homa wakati wa masika, ligi ikiwa katikati. Walimzika asubuhi, wakamsomea dua, na kesho yake wakasafiri kwenda kucheza ugenini. Arobaini yake ilipofika, walikuwa ugenini tena.

Basi Kijitoni wakaingia mechi ya mchujo, ya kupanda daraja. Wakacheza na Nyani wa Mlimani, hapo hapo kwenye uwanja wa Kijitoni, na wakafungwa tatu bila.

Lo! Kijiji kizima kilirudi nyumbani kichwa chini. Hata chai siku hiyo haikunyweka.

Asubuhi yake timu ikakutana.

"Kosa ni la kipa," akasema Kiboko. "Mabao matatu! Pu! Pu! Pu! Yeye kasimama tu kama mtungi."

"Na mjomba Kifaru je?" akauliza Kindi.

"Mimi nimefanya nini?"

"Ulibaki na goli tupu mbele yako, mjomba. Mpira ukauacha, ukamfukuza mwamuzi mpaka mtoni."

"Macho yangu hayaoni mbali! Nilidhani ni beki wao!"

Wengine wakacheka kidogo. Kiboko hakucheka.

"Kipa ana mkosi," akasema. "Kabla ya mechi ya kwanza ya msimu mpya nataka awe amehama. Yeye na nyumba yake yote. Ijumaa baada ya sala, aondoke."

Nungunungu akainuka. Alivua lile koti la gunia, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mkeka.

"Nimesikia, nahodha," akasema, akatoka.

Kindi alikuwa jirani yake. Jioni alikwenda kuwatazama, akamkuta mke wa Nungunungu anafunga vyungu kwa kamba. Watoto wao watatu, wa juzi tu, wamelala ndani ya sufuria kubwa iliyotandikwa kanga.

"Jirani," akasema Nungunungu, "niambie kweli. Ni mimi?"

Kindi alikaa chini. "Kwanza niambie wewe. Yale mabao yalitoka wapi?"

"Upande wa kulia, yote matatu. Wale nyani walikuja peke yao, hakuna hata mmoja wetu aliyewazuia."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

Nungunungu alitazama sakafu. "Ningesema jina la nani, jirani? Upande ule una mwenyewe."

Kindi akajifuta macho kwa mkia. Kisha akasimama.

"Shemeji," akamwambia yule mama, "vyungu visifungwe bado."

Akaenda zake mbio mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kama umekuja kumwombea kipa, geuka urudi."

"Nimwombee mimi? Nimekuja kukuonya. Ukimfukuza kipa, na kumbe mwenye mkosi ni mwingine, je? Tutafungwa tena, tena mbele ya Nyani!"

Kiboko akasita. Wakubwa, wanangu, huogopa kuchekwa kuliko kufungwa.

"Sasa tutamjuaje?"

Kindi akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akakiinua juu. "Kwa hii. Dawa. Ikitiwa kwenye majivu, majivu yakamwagwa uwanjani, tukacheza juu yake, mwenye kosa atajulikana."

"Kwa dalili gani?"

"Majivu hukataa kushika nyayo zake. Pale anapotakiwa kuwa, hapatakuwa na alama."

"Hee!" akasema Kiboko, akarudi nyuma hatua moja.

Alhamisi kila nyumba ilileta kapu la majivu kutoka jikoni kwake. Ijumaa baada ya sala, uwanja wote ulikuwa mweupe toka goli hadi goli. Kindi akasema Bismillahi, akanyunyiza ile dawa ya kwenye kikaratasi, huku midomo ikimchezacheza.

"Haya, gawanyikeni timu mbili. Chezeni kama siku ya mchujo."

Weee! Mnasema mmeona mpira, nyinyi? Hamjaona mpira. Kila mmoja alikanyaga kwa nguvu, nyayo zake zionekane. Kiboko alikwenda du! du! du! kama anatwanga. Nungunungu, bila koti lake, alizuia mpira kwa miguu tu. Majivu yakatifuka, pfuu! Kifaru akapiga chafya, "Chwaaa!" na mpira ukaingia golini kwa ile chafya. Wakagombana kama ni bao au si bao.

Kindi akapiga filimbi. Piii!

"Tokeni wote. Sasa tazameni."

"Zangu zile!" akapiga kelele Kiboko. "Kubwa kama masinia!"

"Na zangu zile," akasema mwingine. "Na zangu!"

"Na zile ndogondogo golini, zimejaa mpaka hapapiti sindano?" akauliza Kindi.

"Za kipa," wakasema, kwa sauti ya chini.

Wakahesabu. Kila mmoja alikuwa na nyayo zake. Kiboko akamgeukia Kindi kwa hasira, lakini Kifaru, ambaye haoni mbali, alikuwa amenyoosha pembe yake kuelekea kulia.

"Jamani," akauliza, "nani katandika shuka pale?"

Wakatazama. Upande mzima wa kulia, toka kona hadi kona, majivu yalikuwa meupe, hayajaguswa hata kwa kidole.

Kiboko akapiga hatua moja kuelekea kule, akasimama.

"Pale ni pa Swala," akasema. "Siwezi kupakanyaga. Nimejaribu. Miguu inakataa."

"Mimi nikipafikia nageuka," akasema Kifaru.

"Na mimi," akasema Kindi, na sasa hakuwa na mzaha. "Kila nikipata mpira natazama kule nimpe. Halafu nakumbuka."

Upande ule, wanangu, ulikuwa mbele ya nyumba ya mama yake Swala. Mlango ukafunguliwa. Mama Swala akatoka, kanga kichwani, akasimama kizingitini akiyatazama majivu.

"Kumbe ni hivyo," akasema. "Zamani mchana kutwa nilisikia vishindo hapa nje. Tangu mwanangu afariki, hapiti hata mmoja wenu. Hamkuja hata arobaini. Nikasema, labda wananichukia. Labda wanaona nyumba yangu ina mkosi."

"Mama!" akasema Kiboko, machozi yakimtiririka. "Sisi tuliona tukipita hapo tutakuumiza."

"Mmeniumiza kwa kutopita."

Wote wakainamisha vichwa. Kisha Kiboko akaenda hadi kwa Nungunungu akiwa na lile koti la gunia lililoachwa mkekani, akamvisha kwa mikono yake mwenyewe. "Uii!" Miiba miwili ikamchoma, lakini hakuiacha kazi mpaka kifungo cha mwisho.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilitafuta wa kumtupia uchungu wangu, nikakuona wewe umesimama."

"Nimeshasamehe, nahodha," akasema Nungunungu.

"Lakini Kindi," akauliza Kiboko, akijifuta, "hiyo dawa yako kali. Umeipata wapi?"

Kindi akaanza kurudi nyuma polepole. "Ni iliki, mjomba. Ya chai. Mungu anisamehe kwa uongo wangu."

"Iliki?"

"Imebaki kidogo."

"Basi ilete," akasema Mama Swala, "niwachemshie chai."

Wakakaa barazani kwake, wakamsomea Swala dua waliyoikosa siku ya arobaini, polepole, hakuna aliyekuwa na haraka ya kusafiri. Wakanywa chai. Walipomaliza, Mama Swala akaweka kikombe chini.

"Haya. Leo nani atapita mlangoni kwangu?"

Wakatazamana. Akasimama Kiboko. Akaenda hadi ukingoni mwa yale majivu meupe. Akainua mguu, akausimamisha hewani, akautua.

Du.

Akatua wa pili. Kisha akaanza kukimbia. Du! Du! Du! Kindi, toka kushoto, akampigia mpira mrefu uliovuka uwanja wote, na safari hii kulikuwa na wa kuupokea. Vumbi likapanda mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Wee Kiboko!" akapiga kelele Mama Swala. "Nguo zangu zimeanikwa! Huna adabu!"

Ndivyo alivyokuwa akimfokea mwanawe. Akafunika mdomo kwa kanga, akacheka, mara ya kwanza tangu masika, huku kule kwa Nungunungu vyungu vikifunguliwa kamba kimoja kimoja.

Nanyi, wanangu, mkifiwa, mlieni aliyekwenda mkiwa pamoja na jamaa zake, msimfukuze aliyebaki.