Maziwa ya Nyamvula

Shubiri hii mnayoitemea mate, zamani ilikuwa tamu kupita muwa. Watu waliila. Kila harusi ilikatwa, ikamenywa, ikapangwa kwenye sinia mbele ya wageni, na sinia lisilojaa lilikuwa aibu ya ukoo mzima. Basi wakaikata bila huruma, mpaka likabaki shina moja tu, nyuma ya nyumba ya Nyamvula.

Nyamvula alikuwa na mtoto wake wa kwanza, Ngala, wa miezi miwili. Siku moja aliona ulimi wa mtoto umeota utando mweupe, na kila akinyonya analia na kuliachia titi. Dawa aliijua: utomvu wa shubiri, asubuhi na jioni, mpaka utando uishe. Akakata jani moja, akampaka. Kesho yake mtoto alinyonya kidogo, na moyo wa mama ukatulia.

Siku ya tatu alitoka kisimani akakuta shina halina hata jani. Mbodze, mama mkwe wake, alikuwa anapanga sinia la harusi ya bintiye.

"Mama, na mtoto je?"

"Hayo ni maziwa tu yameganda, mwanangu. Yatatoka yenyewe. Wageni wako njiani."

Nyamvula akanyamaza, maana mkwe hajibiwi. Kunyamaza huko alikujutia maisha yake yote. Alizunguka kila kichaka, asipate hata jani. Ngala alikataa titi siku nne. Siku ya tano walimzika, na wageni walikuwa bado wanalisifia sinia.

Maziwa hayakujua kwamba mtoto hayupo. Yalijaa, yakauma. Kila asubuhi Nyamvula alipiga magoti penye mizizi iliyobaki, akayakamulia pale, pamoja na maneno yote aliyoyameza mbele ya mkwe wake. Shubiri ikachipua upya, ikanawiri. Harusi iliyofuata, Mbodze alionja kipande cha kwanza, akatema. Wageni nao wakatema. Nyamvula peke yake alitafuna, akameza.

Na tangu siku hiyo shubiri ni chungu. Haipelekwi tena harusini, kwa hiyo mtoto akiota utando kinywani, jani halikosekani. Tena mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa, huipaka kwenye titi. Mtoto huonja, hulia, huliachia.

Nyamvula hakuipaka kamwe. Hakuzaa tena, hakuwa na wa kumwachisha.